Breki Mpya za Mjomba

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifuata utaratibu uleule. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akala chakula chake harakaharaka, kisha akavaa ovaroli la zamani la mama yake, mikono na miguu ikiwa imekunjwa ili asijikwae. Halafu alipita mlango wa jikoni na kutokea gerejini, kwa kuwa nyumba na gereji vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Mtaa mzima ulimwita mama yake Fundi. Yeye mwenyewe walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Wiki hiyo kazi kubwa gerejini ilikuwa gari la Mjomba, mdogo wake Mama. Lilikuwa gari la zamani kuliko Chiriku, na rangi ya paa lake ilikuwa imepauka. Lakini injini yake ilikuwa na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi. Kupanda mlima halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kushuka.

"Dada, juzi kwenye mteremko nilikanyaga breki mpaka nikadhani mguu utatokea chini ya gari," Mjomba alisema. Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na raha. "Pedali ililegea kama sponji, na moshi ukatoka kwenye magurudumu. Nilisimama nilipofika tambarare, si kabla."

"Sishangai," Mama alijibu. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, tochi mkononi. "Injini yako ina nguvu nyingi, lakini diski za breki ni ndogo. Ukishuka muda mrefu zinachemka, na zikichemka sana hazishiki. Tutafunga diski kubwa, na vibanio vikubwa vya kuzibana. Ila rimu hizi hazitaenea juu yake. Itabidi tupate rimu kubwa zaidi."

"Fanya unavyojua wewe. Mimi ninachotaka ni kwamba Jumamosi asubuhi nimpeleke mama yetu kliniki ya macho, ng'ambo ya mteremko. Akiikosa zamu hii, atasubiri miezi mingine, na jicho lenyewe halisubiri."

Chiriku aliyasikia yote hayo. Hata hivyo, neno lililomganda kichwani lilikuwa moja tu: rimu. Kesho yake darasani alimgeukia Mchambuzi, mvulana waliyekaa naye dawati moja, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alikuwa na maoni juu ya kila mpira na kila gari.

"Gari la mjomba wangu linawekwa rimu mpya. Zinazong'aa mpaka unajiona uso," alimwambia.

"Gari lipi? Lile lililopauka kichwani kama mzee?" Mchambuzi aliuliza, na wenzao wa nyuma wakaangua kicheko.

"Lina tabo, bwana! Wewe njoo Ijumaa. Usije ukasema hukualikwa."

Mama hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Siku diski na vibanio vilipofika, aliweka kibanio kimoja juu ya kadibodi ngumu, akachora umbo lake, kisha akachora mstari wa pili nje kidogo ya ule wa kwanza. Akampa Chiriku mkasi.

"Kata kwa kufuata mstari wa nje. Hiki ndicho kigezo chetu. Kikizunguka ndani ya rimu bila kugusa popote, rimu inafaa."

"Mbona mstari wa nje? Kibanio chenyewe hakifiki huko."

"Swali zuri. Chuma kikipata moto kinatanuka. Gari nalo likikata kona, rimu inapinda kidogo sana, jicho halioni. Huo upenyo kati ya mistari miwili ndio unaozuia kibanio na rimu visigusane. Vikigusana gari likiwa mwendoni, gurudumu linaweza kukwama au rimu ikapasuka."

Duka la rimu lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na gereji. Mama alikuwa chini ya gari lingine, kwa hiyo alimtuma Chiriku akapime. Muuza rimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwonyesha seti mbili za ukubwa uliotakiwa kwa gari la Mjomba. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, yenye spoki nyembamba zilizometameta. Ya pili ilikuwa nyeusi, bila pambo lolote. Chiriku alizitazama hizo nyeusi akaona masufuria yaliyosahauliwa jikoni.

Alianza na zile za fedha. Kigezo kiliingia, kikazunguka kidogo, kikakwama. Alijaribu tena, akakigeuza, akakisukuma. Kikakwama palepale. Muuza rimu alikuwa ameitwa na mteja mwingine. Chiriku alitazama kushoto na kulia, akatoa mkasi mfukoni, akapunguza ukingo wa kigezo. Kilichodondoka chini kilikuwa utepe mwembamba wa kadibodi. Kitu gani hicho? alijiambia. Hata Mama asingekiona.

Sasa kigezo kilizunguka bila taabu.

"Mama, za fedha zinapita!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kimezunguka chote bila kugusa?"

"Hakijagusa!"

Rimu za fedha zikanunuliwa.

Ijumaa mchana kazi ilikuwa imefika mwisho. Diski mpya zilikuwa zimefungwa, na Mama alikuwa akitoa hewa kwenye mirija ya breki. Chiriku alikaa kwenye kiti cha dereva na kufuata amri.

"Kanyaga. Shikilia hapohapo. Achia. Kanyaga tena."

Kisha magurudumu yakafungwa. Gari likiwa bado juu ya jeki, Mama aliyazungusha kwa mkono moja baada ya jingine. Yalizunguka kimya. Mchambuzi, aliyekuwa amefika na mkoba wake wa shule mgongoni, alipiga mluzi.

"Haya, nimekubali," alisema. "Kichwa cha mzee, viatu vya bwana harusi."

Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno. Chiriku alivimba kichwa. Siku hiyo alijiona kama yeye ndiye aliyelibuni gari lote.

Mama aliteremsha jeki, akajifuta mikono, akachukua ufunguo. "Mimi nitatangulia kushuka nalo mteremko, peke yangu. Sitaki mama yetu apande gari ambalo sijalijaribu."

"Utashuka kwa kasi?" Chiriku aliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Kasi ya kutosha kuzichemsha hizo breki. Bila hivyo nitajuaje kama zinafaa?"

Chiriku alikumbuka. Breki zikichemka chuma kinatanuka. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Na ule upenyo wa kuzuia visigusane, yeye aliukata na kuuacha sakafuni dukani. Alimtazama Mchambuzi, ambaye bado alikuwa akizikagua rimu na kutikisa kichwa kwa kuzikubali. Angeweza kusubiri aondoke kwanza. Lakini Mama alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Mama, usiende!"

Wote watatu waligeuka.

"Kigezo hakikupita," Chiriku alisema. "Kilikwama. Nilikipunguza kwa mkasi ndipo kikapita. Nilizitaka hizi za fedha."

Mchambuzi alianza kuichunguza kamba ya kiatu chake kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza.

Mama hakupaza sauti, jambo ambalo kwa Chiriku lilikuwa gumu zaidi kuliko kelele. Alirudisha ufunguo mfukoni, akapandisha jeki tena, akafungua gurudumu moja. Alikata kipande cha kadibodi chenye unene wa upenyo aliotaka, akakibandika juu ya kibanio kwa gundi, kisha akarudisha gurudumu na kujaribu kulizungusha. Liligoma kabla hata ya kumaliza mzunguko mmoja.

"Umesema kweli," alisema. "Nafasi haitoshi."

Mjomba alikaa juu ya tairi la akiba. "Basi mama yetu hafiki kliniki kesho."

"Subiri kwanza. Rimu hizi hazijakanyaga barabara. Nikimweleza mzee wa duka, huenda akatubadilishia. Chiriku, twende. Utamweleza wewe."

Muuza rimu alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa nimeelewa ule utepe niliofagia ulitoka wapi," alisema. "Nileteeni zote kabla sijafunga duka, na nitawahamishia matairi kwa mashine yangu. Lakini mwendo wa kwenda na kurudi ni wenu. Mgongo wangu umestaafu."

Safari hii Chiriku alikata kigezo kipya kwa kufuata mstari wa nje, na Mama akakihakiki kabla hakijavuka barabara. Ndani ya rimu nyeusi kilizunguka chote, bila kugusa popote, na bado mwanga ulionekana pembeni.

Kisha kazi ikaanza. Mama na Mjomba walifungua magurudumu, na Chiriku akayaviringisha moja moja hadi dukani, akitokwa na jasho mpaka ovaroli likamganda mgongoni. Mchambuzi aliweka mkoba chini bila kuombwa.

"Unanisaidia au unatafuta cha kwenda kusimulia?" Chiriku alimuuliza.

"Vyote viwili," alijibu, akasukuma.

Magurudumu yalipokuwa mahali pake, Mama alibandika tena kile kipande cha kadibodi kwenye kila kibanio, zamu kwa zamu. Yote yalizunguka. Aliondoa kadibodi, akakaza nati, akaondoka na gari peke yake. Chiriku alisimama barabarani bila kubandua macho kwenye kona lilikopotelea.

Liliporudi, lilitoa harufu kidogo ya chuma cha moto. Mama aliinama na kumulika kila gurudumu kwa tochi. Hapakuwa na mkwaruzo wowote.

"Pedali ni ngumu juu mpaka chini," alimwambia Mjomba. "Kesho mpeleke."

Jumamosi mchana, Mjomba alimrudisha Bibi kutoka kliniki. Daktari alikuwa amelianzishia jicho dawa, na Bibi alisema kwamba kwenye mteremko alipitiwa na usingizi. Mama aliposikia hivyo alitabasamu, kisha akamwita Chiriku gerejini.

"Ulipokata kadibodi, upana wa rimu haukubadilika hata kidogo," alisema. "Ulichobadilisha ni habari niliyopata mimi, na kwa habari hiyo ningeshuka mteremko. Ndiyo maana uongo kwenye kazi kama hii ni hatari: chuma kinabaki kilivyo, anayedanganyika ni mtu. Mimi nami nilikosea. Nilipaswa kupima mwenyewe kabla ya kununua, na sitarudia. Lakini ulisema kabla gari halijaondoka, tena mbele ya rafiki yako. Kama ungenyamaza ili kulinda sifa, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Ukikosea, niambie wakati bado tunaweza kurekebisha."

"Sawa, Mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa lete jeki. Gari la muuza maziwa linavuja oili ya breki, na mwenyewe analihitaji leo."

Chiriku alileta jeki. Mama alipomwomba apime unene wa pedi za breki, alipima, akapima tena, kisha akasogea pembeni na kusema, "Mama, njoo uangalie na wewe."