Kofi Lililosingiziwa

Ndugu zangu, nyumba ya fundi baiskeli ilikuwa na kelele za heri. Yeye akiziba pancha barazani, mkewe akipika huku redio ikiimba, na dada yake msusi, aliyerudi kwa kaka yake baada ya kuachika, akisuka wateja chini ya dirisha. Katikati yao alizunguka kifungua mimba wa nyumba, aliyeitwa Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Mwenye mtoto wa namna hiyo ananielewa.

Siku moja Kasuku akamwaga mafuta ya nywele, chupa nzima. Msusi alikuwa amechoka, mkono ukamtoka. Kofi likampata mtoto sikioni. Akalia kidogo, akapewa biskuti, yakaisha. Mwezi huohuo mtoto akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa, akachomwa sindano kila siku mpaka akapona. Aliporudi, mama yake alimwita kutoka jikoni, akamwita tena. Hakugeuka.

"Ni lile kofi," mama akasema.

Msusi hakubisha, maana naye aliamini hivyohivyo. Akafunga virago, akahamia chumba cha nyuma ya saluni. Mtaa ukampa jina la Mziba Masikio, na wateja wengine wakahamisha vichwa vyao. Nisiwafiche, mtaa wetu ukipata la kusema hauoni usingizi. Lakini maneno ya watu hayakumuuma kama kumwona Kasuku akiongea kwa vidole. Kila akishika kitana alikiangalia kiganja chake na kukichukia.

Miaka ikapita. Asubuhi moja mteja akamwambia kwamba Kidoti, mdogo wake Kasuku, amelazwa kwa homa ya mapafu na hali si nzuri. Msusi akatoka mbio, akamwacha mteja amesukwa upande mmoja.

Hospitalini aliwakuta kaka yake na wifi yake kando ya kitanda, na daktari, mwanamke kijana, akiwa na bomba la sindano mkononi.

"Kabla sijamchoma," daktari aliuliza, "kuna mtu kwenye familia aliyepoteza kusikia baada ya kutibiwa kwa sindano?"

"Hakuna," mama akajibu upesi. "Kaka yake hasikii, lakini huyo alipigwa. Aliyempiga huyo hapo mlangoni."

Msusi alitamani ardhi immeze. Alikuwa ameshageuza mguu aondoke, akamtazama Kidoti anavyohema, akarudi.

"Daktari, ni kweli nilimpiga, na nilikosea. Ila alikwenda hospitali akisikia vizuri, anaongea na kila mtu njiani." Ni yeye mwenyewe aliyeshtuka kusikia alichokisema. Miaka yote hakuwahi kukiwaza. Akamgeukia mama wa mtoto. "Wifi, na kaka yako je? Yule tuliyemwona harusini, anayesoma midomo?"

"Alianguka mtini."

"Wifi. Mtoto anangoja."

Mama akamshika Kidoti mguu, machozi yakamtoka. "Hakuanguka. Alichomwa sindano za kifua akiwa mdogo, akawa kiziwi. Mama alituambia tuseme alianguka, nisije nikakosa mume."

Daktari akaweka sindano chini. Aliandika dawa nyingine, kisha akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mama na la mtoto. Akawaeleza taratibu kwamba mwili una maandishi ya urithi, yaani DNA, na sasa kuna mashine za kuyasoma. Watu wengine wana herufi moja iliyobadilika, na sindano za kundi lile zinaweza kuwaharibia masikio. Mama ndiye anayewarithisha watoto wake, naye asipowahi kuchomwa sindano hizo husikia vizuri, hana habari.

Majibu yakatoka. Mama anayo herufi hiyo, Kidoti anayo, na Kasuku alipopimwa naye akakutwa nayo. Kidoti alikuwa ameshapata nafuu kwa dawa ile nyingine, amekaa kitandani anadai redio iongezwe sauti.

Fundi baiskeli akamkazia mkewe macho. "Kumbe ni wewe."

"Kaka, koma hapo hapo," msusi akasema. "Lawama hiyo nimelala nayo miaka mingi, naijua ilivyo. Sitaki apewe mtu mwingine. Yeye alichagua herufi zake wapi?"

Fundi akainamisha kichwa. Mkewe akamwangukia wifi yake begani.

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Leo niache nilie kwanza."

Akalia kwelikweli, lakini kwa raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao ameubeba mpaka amesahau kwamba ni mzigo.

Funzo

Ndugu zangu, sijasema mpige watoto. Kofi lile lilikuwa kosa, na msusi mwenyewe anasema hivyo. Wala sijasema mkimbie sindano, kwani zimeokoa wengi. Ninachosema ni kwamba daktari akikuuliza habari za ukoo wako, mwambie yote, hata yale mliyokubaliana kuyaficha. Vipimo vya siku hizi vinaona mbali, lakini haviwezi kukisia mlichozika. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, hakikisha kwanza ugonjwa umetoka wapi. Kasuku hatasikia tena, kwa sababu ukoo wa mama yake ulificha kilichompata mjomba wake. Kidoti anasikia leo, kwa sababu mama yake alikubali kuona aibu.