Mtaa wa Kamba Tupu

Jumamosi waliyotoka kwenda kutafuta nyumba ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Walikunywa chai, mtoto akakohoa, na baba mtu akatafuta kiatu chake nusu saa nzima huku amekivaa.

Huyo baba ni mwalimu wa hesabu, na alikuwa amehamishiwa shule moja ya mji huo mgeni. Miezi miwili sasa alikuwa anaishi na mkewe na binti yao kwenye chumba cha kupanga jirani na kiwanda cha saruji. Binti alikuwa na miaka sita, na walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Lakini vumbi la kiwanda lilimwingia kifuani, na siku hizi aliikata habari yake katikati ili akohoe kwanza. Daktari hakuzunguka: mtoeni vumbini huyu mtoto, la sivyo mtampoteza.

Mama yake ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi, hata mumewe akiwa na hasira. Mwanamke huyu hajui kumwangalia mtu bila kumpima. Unamsalimia, anakujibu vizuri tu, kumbe macho yake yameshateremka begani, kiunoni, mpaka kwenye pindo. Na alikuwa na imani moja aliyoitoa kwenye kazi yake, kwamba ukitaka kuujua mtaa, usiwaulize watu, angalia kamba zao za kuanikia nguo. Kamba haidanganyi, alisema. Itakuonyesha nani msafi, nani mvivu, na nani anaficha shuka lililochanika.

Dalali aliwapeleka mitaa miwili. Wa kwanza ulikuwa na kelele za kutosha: mafundi wa kuchomelea vyuma, redio tatu zinazogombana, na nguo zimetundikwa hadi kwenye nyaya za uzio. Mwalimu aliupenda papo hapo.

"Hapa ukianguka bafuni, watu kumi wanakuja kukuokota," alisema.

"Na ishirini wanakuja kukuchungulia," Fundi alimjibu. "Twende tuone wa pili."

Mtaa wa pili ulikuwa juu ya kilima, una miti, una upepo safi. Chiriku alivuta pumzi moja ndefu pale getini na hakukohoa. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kibaraza chenye mwanga mzuri wa kushonea. Ilikuwa yapata saa sita mchana, jua kali, siku ya kufulia duniani kote. Na kamba zote za mtaa mzima zilikuwa tupu.

"Umeona?" Fundi alimnong'oneza mumewe. "Hawa wameshafua, wameshaanua, wameshakunja. Wastaarabu."

"Mimi naona hakuna watu," alisema Mwalimu.

Dalali alikuwa amebaki nje ya geti, anapiga honi. Alisema ana mteja mwingine. Fundi akashika kauli yake, mumewe akachoka kubishana, na nyumba ikanunuliwa. Neno lake ndilo lililopita, na baadaye hilo ndilo lililomla moyo.

Asubuhi ya kwanza alifua. Alianika mashuka, mashati ya Mwalimu na gauni la njano la Chiriku. Gauni hilo alilishona mwenyewe kwa mkono wa mtu anayempenda anayemshonea: ndani ya pindo alificha mikunjo mitatu, ili kila mwaka mtoto akirefuka afumue mmoja. Gauni la miaka mitatu.

Alipokuwa anabana kibanio cha mwisho, sauti ikatoka kwenye uzio. "Mwanangu. Anua nguo."

Alikuwa bibi mmoja mwenye miwani minene, mfupi mno, kichwa chake kikipita uzio kidogo tu. Macho ya Fundi yakafanya kazi yake. Gauni la bibi lilikuwa la kitambaa cha bluu chenye maua meupe, mshono safi, lakini lilimburuta chini. Mshonaji aliyelikata alikuwa hodari, ila alilikata kwa ajili ya mtu mwingine, mrefu.

"Shikamoo, bibi. Nianue kwa nini, na ndiyo kwanza nimeanika?"

Bibi Miwani alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama juu. "Mvua," alisema. "Mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Fundi akacheka kimoyomoyo, akasema uzee ni kazi, akaingia ndani kupanga vyombo. Hapendi kufundishwa kufua, na wewe ungekuwa yeye usingependa.

Saa sita kamili mtaa ulinyamaza. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Yeye alifikiri wanakula.

Saa nane alitoka kuanua. Mashuka yalikuwa makavu kama karatasi. Gauni la njano nalo lilikuwa kavu, isipokuwa kwapani. Kwapani lilikuwa na unyevu, tena wa moto. Alilinusa. Lilinuka jasho. Na pindo lilikuwa limefumuliwa mkunjo mmoja, uzi umetolewa vizuri bila kuacha hata tundu.

Alimwita mtoto. "Chiriku, nani amechezea gauni lako?"

"Siyo mimi, mama. Mimi nilikuwa nimelala."

Jioni alichukua futi yake ya kitambaa ampime ili aurudishe mkunjo. Kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Akafungua daftari la vipimo, akalinganisha na kipimo cha mwezi uliopita. Mtoto alikuwa amepungua inchi moja.

Alicheka. Futi imevutika, alisema. Akapima meza ya cherehani, ambayo anaijua kama anavyoijua mikono yake. Meza ilikuwa vilevile.

Mwalimu hakutaka kusikia. "Mtoto hakohoi, Fundi! Siku nzima hajakohoa. Wewe badala ya kushukuru unahesabu inchi?"

Na kweli hakukohoa. Siku tatu, nne, kifua kimya kabisa, na Fundi alifurahi jamani, angefanyaje? Alilikunja gauni, akalitia sandukuni chini ya vitambaa, akafunga kufuli. Akaacha kuanika nguo za mtoto nje.

Siku ya tano alikuwa ameketi kibarazani anashona, Chiriku amelala mkekani pale miguuni pake. Mtaa ukanyamaza. Milango ikafungwa. Akatazama saa ya ukutani: saa sita.

Akasikia kikohozi.

Alikijua. Mama anakijua kikohozi cha mwanawe hata katikati ya wodi nzima. Kikavu, mara mbili, halafu kimoja kirefu. Aliinama kumgeuza Chiriku.

Chiriku alikuwa amelala. Mdomo umefungwa.

Kikohozi kilitoka uani. Chini ya kamba.

Hakwenda. Tusimcheke. Alimkumbatia mtoto, akafumba macho, akahesabu mishono isiyokuwepo mpaka milango ya mtaa ikaanza kufunguka. Ndipo alipotoka. Gauni la njano lilikuwa kambani, limebanwa vibanio viwili, linabembea na hapakuwa na upepo. Mkunjo wa pili ulikuwa umefumuliwa. Alirudi chumbani mbio. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Alimpima mtoto. Inchi tatu. Viatu vilimpwaya. Na lile lililomtisha kuliko yote: Chiriku alikuwa ameacha kusema. Alimtazama mama yake tu, mpole, kama mgeni.

Fundi alimbeba, akavuka hadi kwa Bibi Miwani. Hakubisha hodi. Bibi alikuwa jikoni, amepanda kigoda ili aifikie meza yake. Ukutani juu sana, pale asipoweza kugusa, palikuwa na misumari ya kutundikia sufuria. Ilikuwa imeota kutu.

"Bibi, mwanangu anaisha," Fundi alisema. "Niambie."

"Nilikwambia anua."

"Hukusema kwa nini!"

Bibi Miwani alishuka kigodani polepole. Akaenda kufunga dirisha. Kisha akamtazama Chiriku muda mrefu, akamshika kidole.

"Hapa hakuna anayesema kwa nini," alinong'ona. "Anayesema, zamu inarudi kwake. Wana watoto wao, wana wajukuu wao. Usiwachukie sana." Akalishika gauni lake la bluu pembeni, akaliinua. "Hili nilishonewa mimi. Lilikuwa linanifika hapa." Akagusa muundi wake. Fundi akaitazama misumari ile ukutani, akaelewa kwamba zamani bibi aliifikia.

"Kinachobaki kambani saa sita kinavaliwa na kitu kisicho na jina," bibi akaendelea, kwa sauti ndogo zaidi. "Wewe ulipoanika, mimi nikaachwa. Kimelipenda la mtoto. Ukilifungia kitalitoa, ukilichoma kitakuja kuchagua jingine. Lina mikunjo mingapi?"

"Mitatu. Umebaki mmoja."

"Basi mkunjo ukiisha, mtoto ameisha."

Fundi alilia pale kwenye sakafu ya jiko la watu, akimwomba mwanawe msamaha kwa kiburi chake na kamba zake tupu. Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akauliza swali ambalo fundi cherehani pekee angeuliza.

"Kinalivaaje? Kinaingilia shingoni au chini?"

Bibi Miwani alifikiri. "Chini. Kinaingia kama sisi. Kinapandisha mikono kwanza."

Siku iliyofuata, tangu saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu alikuwa anapakia vyombo kwenye gari la kukodi. Hakubisha tena. Alikuwa amembeba mwanawe usiku ule, na uzito aliousikia ulimtosha. Fundi yeye aliketi kwenye cherehani. Aliishona shingo ya gauni, mishono mitatu juu ya mitatu. Akashona mikono yote miwili. Chini aliacha wazi, ila alipitisha uzi wa kuvutia kuzunguka pindo lote, ule uzi mnene wa kushonea turubai, na kuutengeneza kitanzi. Saa sita kasorobo akalianika. Ncha ya uzi akaipitisha dirishani, akaizungusha mkononi.

Milango ikafungwa.

Alikaa chini ya dirisha. Hakutazama.

Kikohozi. Mara mbili, halafu kimoja kirefu.

Kamba ya kuanikia ikalia. Uzi ukagusa kiganja chake, taratibu, kama samaki anayeonja chambo. Alingoja. Kitambaa kikachakarika. Mikono inapanda. Inatafuta tundu.

Haikupata.

Alivuta. Alivuta kwa uzito wake wote, uzi ukamchana kiganja, damu ikamwagika, hakuachia. Nje kitu kilipiga teke. Kikaita "Mama!" kwa sauti ya Chiriku. Kikaita tena. Akang'ata meno, akafunga fundo, akafunga la pili, akakimbia kupitia mlango wa mbele hadi garini.

Ndani ya gari Chiriku alikuwa amejikunja mapajani mwa baba yake. Walipofika chini ya kilima alifumbua macho.

"Mama," alisema, "kwa nini una damu? Umejikata na mkasi? Mimi nilikwambia mkasi ule mbaya, na baba alisema..." Halafu akakohoa. Mara mbili, na kimoja kirefu. Mwalimu akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Sasa wanaishi ule mtaa wa kwanza, wenye redio tatu. Nyumba ya kilimani dalali aliiuza upya, kwa nani hatujui. Chiriku anatumia dawa ya kifua asubuhi na jioni. Amerefuka inchi nne kwa mwaka mmoja na anasema mpaka majirani wanaziba masikio. Mama yake anampima kila Jumapili.

Mwezi uliopita Fundi alifungua sanduku la vitambaa ili atafute bitana. Chini kabisa, limekunjwa kwa ustadi, lilikuwapo gauni la njano. Alilishika kwa ncha za vidole, akaligeuza. Shingo ilikuwa wazi. Aliangalia nyuzi kwa jicho la kazi, na jicho lake halikosei: zilikuwa zimekatwa kutoka ndani.

Mikunjo yote ilikuwa imekwisha. Na chini ya pindo, pale nguo ya njano ilipoishia, ilikuwa imeungwa nyingine, ndefu, ili impate mtu mrefu kuliko mlango. Ilikuwa kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

Alikaa sakafuni na gauni lile mapajani mpaka chai yake ikapoa. Bibi wa watu alijua. Alijua zamu itamrudia, na alifunga dirisha kwanza, ndipo akasema.

Siku hizi majirani humcheka Fundi kwa sababu ifikapo saa tano na nusu, jua liwe kali namna gani, yeye anaanua kila kitu, hata vitambaa vya kupangusia vyombo. Wiki iliyopita mlango wa pili alihamia mama mmoja kijana na mtoto mchanga. Alitoka na beseni, mtoto mgongoni, akaanza kuanika vinguo vidogo, kimoja kimoja, huku anaimba. Ilikuwa inakaribia saa sita. Fundi aliufikia uzio kabla hajajua kwamba ametembea.

"Mdogo wangu," alisema. "Anua nguo."

"Nianue tena? Kwa nini, dada?"

Fundi alifungua mdomo. Nyuma yake, kibarazani, Chiriku alikuwa anamhadithia paka habari ya shuleni, ndefu, bila kupumua. Alimsikiliza kidogo. Kisha akatazama juu, kwenye mbingu isiyo na hata wingu moja.

"Mvua," alisema. "Mvua inakuja."