Uso Uliotulia

Evelina alimwambia mteja ainue kidevu kidogo, na kidevu kikashuka hadi kifuani. Akafumba macho, akafumbua. Sasa mdomo ulikuwa umevutika mpaka masikioni. Akachungulia kwenye kioo cha kamera: mle ndani alikuwemo mwalimu wa watu, uso wake wa kawaida, ameketi mbele ya pazia la bluu akisubiri picha zake za pasipoti.

Kufika Jumapili, Chang'ombe nzima ilikuwa na nyuso za kuvutika: muuza mkaa, padri, hata mumewe Respicius. Hayo angeyameza. Kilichomshinda ni mwanawe Luka, mtoto wa kunyonya bado. Kila akimpakata aliona kitu chenye macho yaliyopanda kwenye paji, na mikono ikataka kukitupa. Aliiogopa mikono yake kuliko jini lolote.

"Ni ubongo, dada," daktari alimwambia. "Ugonjwa wa nadra, unavuruga nyuso tu. Ukipata wasiwasi, mtazame mtu kwenye picha. Kwako wewe hauingii kwenye picha."

Respicius alisikiliza, akaguna, kisha akampigia simu mama yake, Bibi Anyesi, kijijini kwao Busi. Kwao, mama anayemwogopa mwanawe hatafutiwi vidonge, hufukiziwa ubani.

Bibi aliingia adhuhuri, bila hodi. Evelina alipogeuka machozi yalimtoka kwa raha. Uso wa bibi ulikuwa umetulia. Pua mahali pake, makunyanzi mahali pake. Tangu yaanze mambo haya hakuwa ameona uso mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe mtoto."

Luka alikuwa akilia. Kuguswa tu akanyamaza, hata kwikwi ikakatika. Bibi alifukiza ubani, lakini chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Limekuingia jini," bibi alinong'ona. "Litamdhuru huyu kwa mikono yako. Niende naye Busi hadi upone."

"Mama, bado ananyonya."

"Maziwa ya ng'ombe yapo."

Evelina akampigia mumewe kazini. "Mama akisema, basi," Respicius alijibu. Mfa maji haachi kutapatapa, na nyuso zote zikiwa zimepinda, angemwamini nani zaidi ya mwenye uso ulionyooka? Akamfunga mtoto mgongoni mwa bibi, akawapiga picha moja ya ukumbusho huku machozi yamemziba macho, wakaondoka kuelekea stendi.

Akarudi studio, maana nyumba bila mtoto haikukalika. Akaifungua picha kwenye kompyuta. Luka alikuwa Luka, na shavu lake la kulia lenye kishimo, lakini juu ya bega alilolalia palikuwa na uso uliovutika kupita nyuso zote alizokuwa ameziona mitaani, mdomo umepasuka hadi nyuma ya shingo, macho yamesimama wima, na Evelina akajiambia kwamba daktari amekosea, kwamba ugonjwa sasa umeingia hata kwenye picha, akaomba iwe hivyo, akaomba awe mgonjwa zaidi, akaomba kichwa chake ndicho kiwe kimeharibika.

"Munira," alimwita fundi cherehani wa mlango wa pili. "Njoo unitazamie hapa. Unaona nini?"

Munira akainama mbele ya kompyuta. Kisha akarudi nyuma taratibu.

"Luka namwona," alinong'ona. "Hicho kilichombeba ni kitu gani?"