Hadithi ya Bi Mwanabaraka

Kila jioni pale Tandika, Kokushubila alipita na ndoo yake kando ya jiko la Bi Mwanabaraka. Watoto walijaa mkekani, mihogo ya kukaanga mkononi, masikio yote kwa bibi. Yeye alisimama mbali. Alikuwa amehamia kutoka Bukoba muhula ule, na darasani walimcheka matamshi yake, basi akazoea kunyamaza.

Bi Mwanabaraka alikuwa na hadithi yake mwenyewe ya binti aliyeolewa kisimani. Ikifika penye utamu, alisema mafuta yamepoa, waje kesho. Jioni moja mvua iliwafungia watoto ndani. Kokushubila akamkuta bibi peke yake, akasimuliwa mpaka mwisho.

Asubuhi aliiandika yote, akaibandika kwenye gazeti la ukutani shuleni, na chini akaweka jina lake. Watoto walisukumana kuisoma. Nusaiba, mwenzake wa dawati, alimshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja.

“Twende basi kwa bibi,” Kokushubila akamwambia.

“Mie nikafanye nini? Mwisho naujua.”

Kokushubila alikwenda peke yake. Mkeka ulikuwa mtupu. Mihogo ilikuwa imepoa kwenye sinia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wenzio wanaumwa?”

Kokushubila alitua ndoo. “Ni mimi, bibi. Niliibandika hadithi yako shuleni, nikaweka jina langu. Nilitaka wanipende.”

Bibi aligeuza muhogo. Kisha akasema, “Hadithi ndiyo inayoniletea watu, mwanangu. Kitu cha mwenzio ukikipenda, muombe kwanza, mtaje, halafu waelekeze watu kwake. Hapo mngekuja wote, na wewe ukiwemo.”

“Basi niandike ulipo?”

“Andika. Kesho naanza mpya. Ila mwisho usiutie.”

Kesho yake Kokushubila aliibandua ile karatasi mbele ya wote, akabandika nyingine ndogo: hadithi ile ni ya Bi Mwanabaraka wa mihogo, karibu na bomba la maji, leo anaanza mpya. Wenzake wakamzomea, kumbe si yake. Nusaiba akahama dawati. Kokushubila alirudi nyumbani peke yake.

Jioni mkeka ulifurika tena. Alisimama palepale pa siku zote, ndoo mkononi. Bibi alifika penye utamu, akanyamaza.

“Aliyewaelekeza hapa bado kasimama,” alisema. “Nusaiba, sogea.”

Nusaiba akasogea, kidogo tu. Kokushubila akatua ndoo, akakaa.