Siku ya Soko, Siku ya Hesabu

Siku ya soko la Lubao, nyumba ya Osiako iliamka mapema. Ayuma, mkewe, alifunga mboga na ndizi zake akashika njia. Osiako alibaki akinoa panga, kwa kuwa miwa yake ilikuwa imekomaa na alingoja tu zamu ya kuvuniwa. Sammy alienda shule. Christine alibaki nyumbani kumlea mdogo wao, Ashley.

Ilikuwa hivyo kila wiki, na hakuna aliyeona kasoro. Osiako mwenyewe alilelewa na dada zake, tena akanenepa.

Sammy na Christine walikuwa darasa moja, la saba, ingawa Sammy alimzidi dada yake umri. Alikuwa amerudia darasa la sita. "Anajenga msingi," Osiako aliwaambia majirani, kifua mbele.

Muhula ulipoisha, Christine alianguka hesabu, tena vibaya. Safari hii Osiako hakutaja msingi.

"Kichwa cha huyu ni kigumu," alimwambia mkewe. "Hesabu si ya wasichana. Mwaka ukiisha aende Amalemba kwa dada yangu, amsaidie kazi ya nyumba. Shule tumwachie Sammy."

Christine alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wa jioni. Alisikia kila neno. Moyo ulimuuma, na mwiko ukagonga sufuria mpaka kuku wakakimbia.

Jioni hiyo Mwalimu Mideva alikuja kuchukua maziwa. Alikuwa jirani yao, na ndiye aliyefundisha hesabu darasa la saba. Ayuma alimweleza yote.

"Baba Sammy," mwalimu alisema, "siku ya Lubao Christine anakuwanga wapi?"

"Hapa, na mtoto. Mama yake si yuko soko?"

"Basi siku hiyo ndiyo tuna vipindi viwili vya hesabu. Ndipo ninapoanza jambo jipya. Kujumlisha na kuzidisha anajua sana. Anaanguka kwa yale niliyofundisha wakati hayuko."

"Wavulana wana vichwa vya hesabu, mwalimu. Hiyo inajulikana."

Mwalimu alicheka. "Wakiwa darasa la pili, wasichana wangu wako sawa na wavulana. Wanaanza kuachwa nyuma wakipata nguvu ya kubeba mtungi. Sasa hebu kata muwa mmoja, vipande sita vinavyolingana."

Osiako alikata. Mwalimu akawaita Sammy na Christine, akawaeleza kidogo habari ya nusu na thuluthi, akionyesha kwa vile vipande. Kisha akavirudisha pamoja.

"Christine, mpe Sammy nusu ya muwa. Mpe baba thuluthi. Nini imebaki?"

Christine alimpa Sammy vipande vitatu. Alimpa baba yake viwili. Alikiinua kilichobaki.

"Moja kwa sita," alisema.

"Nani amekufundisha hiyo?" Osiako aliuliza.

"Wewe umeniona, baba. Nimefundishwa sasa hivi."

Osiako aliutazama muwa mkononi mwake. Aliona aibu, na hakuwa mtu wa kuona aibu mara kwa mara.

"Huyu akianguka, tunasema hana kichwa," Ayuma alisema. "Sammy akianguka, anajenga msingi."

"Sawa, Mama Sammy. Nimesikia," Osiako alijibu. "Amalemba haendi. Lakini siku ya soko nani atashika mtoto?"

Wote walimtazama.

"Mimi?"

"Miwa haikimbii," Ayuma alisema.

Wakapanga kazi upya. Sammy atachota maji na kupika, wakipokezana na dada yake. Jioni wote wawili watasoma kwenye meza moja, taa moja. Obusuma ya kwanza ya Sammy ilikuwa na madonge, hata mbwa aliifikiria kwanza. Ya tatu ililika. Osiako naye alijifunza kumbeba Ashley mgongoni, na kumbe mtoto alipenda kulala hapo.

Muhula uliofuata Christine alipita hesabu vizuri. Sammy hakushuka, bali alipanda, kwa sababu dada yake alikuwa akimweleza pale alipokwama. Mwalimu Mideva alipoleta habari hiyo, Osiako alifurahi mpaka akachinja kuku.

Siku moja ya soko, Makhanu, mkulima mwenzake wa miwa, alimkuta njiani, mtoto mgongoni. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Osiako! Kwani kwako hakuna wanawake?"

"Wako wawili," Osiako alijibu, akiikaza kanga. "Mmoja ameenda Lubao. Mwingine yuko kwa hesabu. Na wewe, binti yako leo yuko wapi?"

Makhanu aliacha kucheka. Binti yake alikuwa nyumbani, akilea mdogo wake.