Pweza wa Miswaki Minane

Duka la vifaa vya keki Jumamosi hufurika, watu wanakanyagana wakigombea rangi na vyombo vya kuokea. Hapo ndipo mpambaji keki, mwanamke wa kilemba cha manjano na kucha zisizokauka rangi ya buluu, alipomwona mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Alikuwa akigeuzageuza bomba la kupambia krimu kana kwamba anatafuta mtu wa kumchoma.

"Kaka, hilo ni la krimu. Halitibu malaria."

"Mazoea tu, dada. Mimi daktari wa meno."

"Daktari wa meno kwenye duka la sukari? Umekuja kutafuta wagonjwa?"

"Nimekuja kumwona anayeniletea."

Mwanamke akacheka mpaka mwenye duka akageuka. Walitoka pale wameshapeana namba.

Jioni simu ikalia. "Fundi, umefika salama?"

"Nina jina, Daktari."

"Jina wanaliita wote. Fundi ni langu peke yangu."

Ehee, mwanamke wa watu akaisha hapohapo. Tangu siku hiyo akawa Fundi. Daktari akitoka kazini anapitia kwake, tai mfukoni, na kula makombo ya keki yaliyokatwa pembeni, yeye anayewakataza watu peremende kutwa nzima. Hakuficha kwamba ana binti, Kibogoyo, aliyepewa jina hilo tangu alipong'oka meno ya mbele. Hakuficha kwamba yeye na mama wa mtoto walishaachana. Alichokificha ni Fundi mwenyewe. Kwa mama yake hakumpeleka, kwa rafiki hakumpeleka, na kila akiulizwa jibu lilikuwa moja: "Bado kidogo, mpenzi." Hiyo bado kidogo ikakaribia kuota mvi.

Kisha siku moja akapiga simu. "Kibogoyo anatimiza miaka saba. Anataka keki ya ghorofa tatu, na juu akae pweza anayepiga mswaki."

"Pweza ana meno?"

"Usimwambie mwanangu hivyo, mtakosana. Uje uipange mwenyewe nyumbani. Mama atakuwepo."

Fundi akashusha pumzi. "Mama yako? Kwa hiyo ndiyo siku yenyewe?"

"Wewe njoo tu, mpenzi wangu."

Basi akaifanya ile keki kama anayejipikia bahati. Ghorofa ya chini akaipaka buluu nzito ya kina kirefu, ya kati buluu ya mchana, ya juu povu jeupe. Kwenye zile mbili za chini alichomeka vijiti ili ya juu isididimie. Pweza alimfinyanga kwa sukari ya kukanda, kicheko kikubwa, mikono minane ikining'inia mpaka chini na kila mkono una mswaki wake, ila mmoja ambao mswaki wake aliuweka kando. Siku ilipofika akavaa gauni la zambarau, hereni ndefu na viatu vya visigino. Fundi gani anabeba keki kwa visigino? Fundi anayekwenda kutambulishwa.

Daktari alimfungulia mlango wa jikoni. Mama yake, mama mnene mwenye uso wa ukarimu, alikuwa akifuta vikombe.

"Mama, huyu ndiye Fundi."

Sauti ilikuwa ileile ya kwenye simu, tamu vilevile. Fundi akangoja yaliyobaki, na hayakuwepo.

"Karibu, fundi," mama akasema. "Jiko lako hilo."

Ndipo akaelewa. Lile jina la mapenzi lilikuwa linaitika popote, mbele ya yeyote, bila mtu kushtuka. Hasira zilimpanda, lakini ghorofa hazijipangi zenyewe. Akavua viatu, akafunga aproni juu ya gauni, akaanza kazi.

Kibogoyo akaingia mbio, akasimama kinywa wazi. "Anacheka kama mimi! Mbona mkono huu hauna mswaki?"

"Huo nimekuachia umpe mwenyewe."

Mtoto akampa pweza mswaki, akakimbilia sebuleni kuwatangazia wenzake. Mlangoni alipishana na mama yake akiingia, mwanamke mrefu mwenye ndara za nyumbani, amevaa kama mtu aliye kwake.

"Fundi, una mikono ya baraka," alisema mama wa daktari. "Mwezi ujao hawa wanangu wanarudiana, mtoto akae na wazazi wake wote. Keki yao utatufanyia wewe. Weka karanga mpaka basi."

"Karanga hapana, mama." Mdomo wa Fundi ulitangulia akili. "Daktari anavimba."

"Huyu? Nimemlea kwa karanga."

"Siku hizi hawezi."

Daktari akawahi: "Nilimwambia nilipoagiza, mama. Wapambaji huuliza." Akamtazama Fundi, akamwomba kwa macho. Fundi alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Hukuniambia," alisema. "Ulivimba ukiwa kitandani kwangu. Nilikukanda kwa barafu mpaka ukalala."

Mama mtoto alishika ukingo wa meza. Sebuleni watoto walikuwa wameanza kupiga makofi wakidai keki. Mama mtoto akajifuta uso kwa kiganja.

"Shika upande huo," alimwambia Fundi. "Mwanangu anangoja."

Daktari akasogea kusaidia. Mama yake akamwekea mkono kifuani. "Wewe baki hapa."

Wanawake wawili wakainyanyua keki, wakapita nayo koridoni polepole, mmoja na ndara, mmoja peku.

"Tangu lini?" aliuliza mama mtoto.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Wakati huohuo ndipo alipoanza kunibembeleza nirudi." Akameza mate. "Inua kidogo upande wako, inalala."

Fundi akainua. Mlangoni wakatazamana, wakavaa tabasamu wote wawili, wakaingia kwa watoto.