Vikeki Ishirini na Vinne na Mayai Sita

Ting.

Kimya kidogo.

Ting.

Wazazi wenzangu, nilikuwa bado kitandani, kabla hakujapambazuka, nikadhani ni panya. Nikavaa kandambili moja, ya pili nikaishika mkononi kama silaha, nikanyata gizani mpaka jikoni. Kuwasha taa, si panya! Ni binti yangu, kapanda juu ya kigoda, gauni la kulalia limemfika vidoleni, mbele yake bakuli la bati, mkononi limau bichi. Alikuwa akiligonga limau kwenye ukingo wa bakuli, taratibu, ulimi nje, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Wewe! Unafanya nini saa hizi?"

"Mazoezi, mama."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya mayai," akanijibu, akishangaa kwamba nauliza. "Zimebaki siku tisa."

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana, alipotimiza miaka sita, tulioka keki pamoja. Akaomba avunje mayai, nikampa moja, likamponyoka likatua sakafuni. Nami, mayai yakiwa ya kuhesabu, nikamwondoa pale mezani. Alilia mpaka kwikwi. Nikamfuta machozi nikamwambia, "Basi, ukifika saba, mayai yote utavunja wewe mwenyewe. Mama anaahidi." Watoto husahau viliko viatu vyao, lakini neno kama hilo halitoki kichwani. Mwaka mzima alilitunza.

Nikacheka, nikambeba, nikamrudisha kitandani na limau lake. Nyumba yetu ilikuwa na amani asubuhi ile. Laiti ningeiacha hivyo hivyo!

Ngoja niwajulishe kwanza. Mimi ni fundi cherehani kwenye karakana inayoshona sare za shule, na huyu mtoto tunamwita Kifungo, kwa sababu alipozaliwa alikuwa mdogo, wa mviringo, na hakubanduka kifuani kwangu. Baba yake ni fundi bomba, mtu wa maneno. Husema kwa ajili ya binti huyu amehukumiwa kifungo cha maisha, na hana mpango wa kukata rufaa. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi.

Siku hiyo hiyo kazini, mwenzangu wa cherehani ya jirani, tunayemwita Mama Picha kwa sababu simu yake haina nafasi tena, alinigusa bega.

"Shoga, umeviona vikeki vya mwanangu?"

Akanionyesha. Jamani! Keki za vikombe, kila moja kwenye karatasi yake ya dhahabu, krimu imepanda juu kama kilemba, na juu ya krimu gari dogo la sukari lenye magurudumu. Watoto wamejipanga nyuma wakitabasamu. Nilivitamani, sitawaficha.

"Za bekari ile mpya," akasema. "Na wewe wako anatimiza lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Utamfanyia nini?"

"Tutaoka keki nyumbani."

"Ya sufuria?" aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. "Si mbaya. Zamani wote tulikula hizo."

Hiyo "zamani" ilinichoma kuliko sindano.

Jioni nikapita bekari. Ukiingia tu, harufu ya vanila inakushika mkono kama mwenyeji. Vioo vinang'aa, taa ndogondogo zinamulika keki kana kwamba ni mabibi harusi. Dada wa kaunta akafungua kitabu cha oda.

"Juu tuweke pambo gani?"

Wazo likanijia kama radi. "Vifungo! Vifungo vya sukari, vya rangi rangi, kila kimoja na matundu yake manne!"

"Oo, hiyo hatujawahi kuifanya," akasema naye akachangamka. "Na mtoto mwenyewe, anapenda kitu gani?"

Wenzangu, hilo ndilo swali ambalo lingeniokoa, tena niliulizwa bure. Nikalijibu haraka haraka: "Huyo? Chochote kizuri anapenda."

Nikaagiza vikeki ishirini na vinne. Kikeki kimoja bei yake ilikuwa sawa na ujira wa kupiga pindo sketi tatu. Kwa hiyo kesho yake nilimwomba msimamizi mzigo wa ziada, sketi sabini na mbili. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyeomba mvua ya mawe. Nikabaki karakana kila jioni. Nilikosa darasa langu la jioni mara mbili, mimi niliyekuwa nimeapa kutokosa hata siku moja mpaka nipate cheti. Vidole vikavimba. Lakini nilikuwa na furaha ya ajabu! Kila pindo la tatu nililomaliza nilikuwa nakiona kifungo kimoja cha sukari kikikaa juu ya krimu.

Nyumbani nilifika Kifungo yuko kitandani tayari, Bibi kamwogesha, kamlisha. Lakini hakuwa amelala. Kila siku aliniuliza lile lile.

"Mama, mayai tumeshanunua?"

"Usijali, mwanangu. Mwaka huu kuna kitu kikubwa kuliko mayai."

"Lakini na mayai yatakuwepo?"

"Lala."

Baba yake, nilipomwambia siri yangu, alikuna kidevu. "Vikeki vyenye vifungo! Basi na mimi nioke vyenye mabomba. Mama Kifungo, huyu mtoto ameshaniambia mara nne kwamba atavunja mayai."

"Akiviona atasahau."

Bibi alikuwa akichambua mboga. Hakuinua uso. "Ahadi ni deni," akasema. "Na deni la mbuzi hulilipi kwa kumpa mwenyewe tausi. Atakwambia tausi ni mzuri, kisha atakuuliza mbuzi wake yuko wapi."

Nikanung'unika moyoni. Wazee! Nikajiambia Bibi hajawahi kukiona kikeki chenye kilemba.

Jumamosi ikafika, na jua lake. Tangu asubuhi nilikuwa naruka huku na huku, nafunga maputo, nahesabu viti. Saa nne mlango ukagongwa. Alikuwa fundi wa keki mwenyewe, mwanamke mnene mchangamfu, unga bado umo kwenye nyusi, kabeba masanduku mawili kama anayebeba mapacha. Tukayaweka mezani jikoni.

Wakati huo huo Kifungo akaingia. Alikuwa amevaa aproni niliyomshonea mwaka jana, sasa imemwishia magotini. Mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko. Mikono imeoshwa, bado inadondosha maji. Bakuli la bati kalikumbatia kifuani.

"Niko tayari," akasema.

"Fumba macho!" nikapiga kelele. "Haya, fumbua!"

Nikafunua masanduku. Vilikuwa vizuri, ndugu zangu, siwezi kusema uongo. Ishirini na vinne, vimejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi, vifungo vyekundu, vya buluu, vya njano. Nikamtazama usoni, nikingoja ule mlipuko wa furaha nilioushonea sketi sabini na mbili.

Kifungo alivitazama vyote, mstari kwa mstari.

"Ni vizuri," akasema kwa adabu, vile anavyosema akipewa zawadi na mgeni. Kisha akauliza, "Mayai yake kavunja nani?"

Fundi wa keki, asiyejua lolote, akajibu kwa fahari, "Mimi, mjukuu wangu. Mayai manane, tangu saa kumi alfajiri."

"Ganda liliingia?"

"Hata chembe."

Mtoto akainamisha kichwa kwa heshima, kama fundi mbele ya fundi. Akaliweka bakuli juu ya meza. Akafungua aproni yake nyuma, akaikunja mara mbili, akaitundika kwenye msumari wake. Hakulia. Laiti angelia! Akanigeukia akaniuliza, bila hasira kabisa, kama anayetaka tu kujipanga:

"Mama, nikifika nane, utaahidi tena?"

Nilikaa kwenye kigoda.

Ni hivi, ninyi mnaosoma: mtoto yule hakuwa ananisuta. Alikuwa amenisamehe tayari, na alikuwa anajifunza, pale pale mbele yangu, kwamba neno la mama yake ni kitu cha kungoja mwaka hata mwaka. Bado kidogo tu na angeshalijua somo hilo kwa moyo.

Fundi wa keki alinitazama, akamtazama mtoto, akaitazama aproni. Akaelewa. Akaliona limau karibu na jiko, limejaa michubuko ya siku tisa.

"Hili ni la nani?"

"Langu. La mazoezi."

"Hebu nionyeshe unavyogonga."

Kifungo akagonga ukingoni. Ting.

"Aa-aa! Ndiyo maana ganda linaingia. Ukingo unalisukuma ndani. Gonga juu ya meza, mahali bapa. Mara moja tu, usilibembeleze. Kisha vidole gumba viwili, fungua kama kitabu."

Kifungo alikodoa macho. Siku tisa za mazoezi, na siri ilikuwa juu ya meza! Akagonga limau mezani. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umewaka kama taa. Mlipuko nilioungoja ndio huo, na haukugharimu hata pindo moja.

Fundi akaaga, alikuwa na oda nyingine tatu. Nami nikasimama.

"Baba Kifungo! Kimbia dukani ukalete mayai manne!"

"Nitaleta sita," akajibu, viatu tayari mguuni. "Namfahamu binti yangu."

Wageni walikuwa wanakuja saa nane. Mbio hizo! Bibi anapepeta unga, mimi naikoroga siagi na sukari, baba anaipaka sufuria mafuta mpaka kwenye mpini. Kifungo aliivaa tena aproni yake, akapanda kigoda.

Yai la kwanza alilipiga kwa nguvu zote za mwaka mzima. Likasambaa mezani mpaka kwenye mkono wa baba yake.

Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema, "Ngoja mama akusaidie." Niliuuma. Nawaambia niliuuma kwelikweli, mpaka kesho yake ulikuwa unauma.

"Yamebaki matano," Bibi akasema, akipangusa meza kana kwamba hakuna lililotokea.

La pili: ko. Vidole gumba viwili. Ganda likafunguka kama kitabu, na kiini kikateremka ndani ya bakuli kizima, cha mviringo, kinang'aa kama jua dogo. Tulishangilia kama goli la dakika ya mwisho! Baba yake akamrusha juu. La tatu likaenda vizuri, la nne hivyo hivyo, la tano likaingia na kipande cha ganda tulichokifukuza kwa kijiko mpaka kikatushinda. Keki ikatoka jikoni imeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea.

FUNZO

Sasa mtaniuliza: je, vikeki vya bekari vina thamani ya bei yake? Nitawajibu bila kificho, maana nilivila. Vilikuwa vitamu, watoto walivimaliza vyote, na fundi yule alistahili kila senti. Kununua si dhambi. Kuna mama anayetoka kazini hawezi kusimama, na kuna mtoto ambaye ndoto yake ni kikeki hicho hicho cha dirishani. Huyo mnunulie, mkiweza, mle mfurahi.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kumfunga mdomo mwenzangu wa karakana kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Nikauza jioni saba, ambazo zilikuwa zake, na masomo yangu mawili, nikanunua kitu ambacho hakukiomba, ili nimnyang'anye kile alichokiomba. Basi kabla hujafungua pochi, piga magoti umuulize mwenye siku yake: unataka nini? Halafu umsikilize mpaka amalize. Na kama ulimwahidi kazi, mpe hiyo kazi, hata akichafua meza. Meza inafutika. Mimi darasa la jioni nimerudi, na sketi za ziada nimekataa.

Nimebakiza jambo moja. Saa tisa, Mama Picha, niliyekuwa nimemwalika pamoja na wengine, alikuwa ameketi kitini, simu mkono huu, kipande cha keki ya sufuria mkono huu. Akauma. Chumba kizima kikasikia: krap. Akatoa mdomoni kipande cheupe, akakitazama. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niombe radhi, lakini Kifungo alinitangulia. Alipanda juu ya kigoda chake, krimu puani, kidevu juu, akawatangazia wote:

"Mayai nimevunja mimi."